Posa Ambayo Hakuna Aliyeipeleka

"Tumeridhia," alisema Bi Kidawa, na hapo ndipo mlipomwacha Mwanamwema wiki iliyopita, kakaa mkekani Mwanakwerekwe, kikombe cha kahawa kimeganda hewani, hakijamfika mdomoni.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi, habari ni fupi. Mwanamwema ni mtu mzima, mama wa watoto wawili, yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya ustawi wa jamii. Yumo kwenye mafunzo ya kazi, na kapewa mteja mmoja wa kumsimamia mwanzo mpaka mwisho: Ilham, mjukuu wa Bi Kidawa, aliyeacha skuli kidato cha nne ili amuuguze bibi yake mwenye sukari. Mwalimu wake ndiye aliyepeleka taarifa, kwa siri. Kazi ya Mwanamwema ni moja tu, kumrudisha Ilham darasani kabla ya mtihani. Ilham katimiza miaka kumi na nane, kwa hivyo hapana sheria ya kumshika mtu mkono. Pana maneno mazuri, basi.

"Mmeridhia nini, bibi?" aliuliza Mwanamwema.

Chumba kizima kikacheka. Majirani walikuwa wamejaa mpaka kizingitini, huyu na mtoto wake anamnyonyesha, yule na ungo wake wa mchele anachagua chuya.

"Anajifanya hajui," alisema wa ungo.

"Ndo adabu ya watu wa mjini hiyo, shoga."

Bi Kidawa aliunyoosha mguu wake uliofungwa kitambaa, akasema taratibu kama anayemlisha mgonjwa. "Posa, mwanangu. Mara ya kwanza mlikuja wanawake wawili, mnanukia udi mpaka nyumba ya tatu. Mkauliza mtoto anasali, analala vipi, ana maradhi gani, nani msimamizi wake. Mara ya pili ukaja peke yako kutazama anavyonihudumia. Na kijana yuko nje juu ya vespa, kila mara, ili mtoto amwone. Sisi si wajinga. Tumekaa, tumeshauriana, tumeridhia."

Mwanamwema alikitua kikombe chini.

Kila alilolisema Bi Kidawa lilikuwa kweli. Udi ulikuwa wa harusi ya binamu yake, uliobakia kwenye buibui. Mwanamke wa pili alikuwa mwanafunzi mwenziwe. Kijana wa vespa alikuwa Munir, mdogo wake Mwanamwema, anayempeleka na kumrudisha kwa sababu miguu ya dada mtu mwaka huu imechoka kuliko mwenyewe. Na maswali ndiyo waliyofundishwa kuuliza. Lakini darasani walifundishwa pia kuwa siri ya mteja haitajwi mbele za watu, na kibarazani kwa Bi Kidawa watu hawapungui. Basi siku ile ya kwanza Mwanamwema hakusema anatoka ofisi gani. Alisema kaja kumjua Ilham.

Sasa niambieni nyinyi, wanawake wawili wageni, wananukia, hawasemi shida yao, wanamtaka binti tu. Nyumba gani ya Unguja isingefua mapazia?

"Bi Kidawa," alisema, "nnaomba tuseme mimi na wewe, wawili tu."

Chumba kikanyamaza, kisha kikasogea karibu. Hapana aliyenyanyuka. Wa ungo aliuweka ungo wake chini kabisa ili asikie vizuri.

Mwanamwema alizitazama nyuso zile na akaona mambo yatakavyokwenda. Akisema anatoka ustawi, kabla ya Maghrib soko zima litajua kuwa nyumba ya Bi Kidawa imeshitakiwa, na kabla ya Isha watakuwa wamemtia mkononi mwalimu aliyeshitaki. Akainua kikombe tena, akanywa. Ilikuwa baridi, chungu. Aliimaliza yote kwa kuwa kumaliza kahawa kulikuwa kwepesi kuliko kusema.

Aliaga kwa kupitia mlango wa uani. Huko alimkuta Ilham kachutama anakosha masufuria.

"Ilham, kuna jambo bibi yako hakulifahamu," alianza.

"Nnajua. Wewe mtu wa ustawi." Hakuinua kichwa. "Mwalimu alinambia utakuja."

"Na ukanyamaza?"

"Bibi alipotaja posa nkakimbia chumbani kama ninayeona haya. Nkamwacha aamini."

Kisha akamweleza, mkono unaendelea kusugua, sauti ya chini. Baba yake keshafariki, na walii wake, mwenye haki ya kumwoza, ni ami yake, Borafya, anayekaa Kiwengwa. Borafya ana sahibu yake, Abrahman, mtu wa makamo mwenye mke, mnunuzi wa mwani. Abrahman alimwona Ilham siku waliyokuja kumtazama mgonjwa, na tangu hapo hana habari nyingine. Walishapanga siku ya kuja kuposa. Wanawake wa udi wakatangulia.

Na hapa kwetu mtu haposi juu ya posa ya mwenzake. Ni haramu, na hata asiyeogopa haramu anaogopa midomo. Bi Kidawa alimpelekea Borafya salamu kuwa mtoto keshaposwa na watu wa mjini, na Abrahman ikambidi akae kwake na mwani wake angojee.

"Ukisema leo kama hukuja kuposa," alisema Ilham, "kesho Abrahman yupo pale pale ulipokaa wewe. Harusi za mjini zina mambo mengi, mpaka mshone, mpaka mualike, mie nshafanya mtihani. Jina langu lipo bado, mwalimu kaliweka. Nipe mpaka mtihani tu, dada."

"Mie mwanafunzi tu, Ilham."

"Na mie pia."

Mwanamwema alimshika bega, akatoka.

Nje Munir alikuwa kazungukwa. Muuza kahawa kamkatalia pesa, wazee wa kibarazani wanamuuliza anafanya kazi gani. Anauza makava ya simu Darajani, wakaona inafaa.

"Dada," alisema walipokwisha kuondoka, "mbona wale wananita mkwe?"

Alipoambiwa alicheka mpaka ikabidi asimamishe vespa pembeni. Mwanamwema alikaa nyuma yake akingoja amalize. Alitamani na yeye acheke, lakini kucheka kunataka nguvu.

*

Bi Ummy, afisa anayemsimamia kwenye mafunzo, hakucheka. Ni mwanamke aliyekaa kwenye kazi ile mpaka kiti kimeshika umbo lake. Alimsikiliza Mwanamwema kafumba macho.

"Udi," alisema mwishowe. "Wawili. Na kijana nje. Ningekuwa mie Bi Kidawa, mwanangu, ningekuwa nshapeleka nguo kwa fundi."

Akafumbua macho, na mzaha ukaishia hapo. Alimwambia kuwa mteja hadanganywi, hata kwa kheri yake. Leo atadanganya yeye kwa kheri, kesho mwenziwe atadanganya kwa shari, na wote wawili watasema ni kazi. Ni lazima arudi akaseme kweli.

"Na Abrahman?" aliuliza Mwanamwema.

"Abrahman tutamkabili kama tunavyowakabili wote."

"Kwa maneno."

"Kwa maneno." Bi Ummy aliipangusa miwani yake, ingawa ilikuwa safi. "Kesho baada ya Alasiri tunakwenda pamoja. Utasema mbele yangu. Ukishindwa kusema, siwezi kukupasisha. Si kwa kukukomoa. Sitaki nikuachie watu mkononi mwako na mie najua."

Mwanamwema alikwishapoteza mwaka mmoja wa chuo kwa kumuuguza mama yake mpaka akamzika. Hakuwa na mwaka mwengine wa kupoteza, wala mwili wa kuurudia. Alisema, "Sawa, Bi Ummy," na alipokuwa anashuka ngazi alijaribu kumfikiria Ilham akiambiwa, akaona afadhali asifikirie.

*

Nyumba ya kina Mwanamwema, Mkunazini, ni ya ghorofa mbili na haijawahi kuwa na mtu mmoja ndani yake. Ghorofa ya juu wajomba, ya chini mashangazi, ngazini watoto, na mgeni kutoka Pemba aliyekuja kwa wiki moja tangu mwaka juzi. Mtu akitaka kuandika ripoti ya chuo anangoja foleni ya meza, na meza ina mboga.

Siri ya Ilham hakumwambia mtu humo. Aliifunga mdomoni miezi yote, na alijisifu moyoni kwa hilo. Basi ilirudi kwa mlango wa mbele, kwenye kikapu cha samaki.

"Nnatoka Mwanakwerekwe sokoni," alisema shangazi yake, Bi Ummkulthum, kasimama katikati ya ukumbi na kikapu hajakitua. "Napewa hongera. Nauliza hongera ya nini, naambiwa tunaoa. Nauliza nani anaoa, naambiwa Munir. Mie niliyemkata kitovu mtoto huyu, naambiwa na muuza changu."

Nyumba nzima ikamiminika ukumbini.

"Shangazi, subirini kwanza," alisema Mwanamwema. "Si hivyo."

"Si hivyo vipi? Umekwenda au hukwenda?"

"Nlikwenda."

"Ukamuuliza binti habari zake?"

"Nlimuuliza, lakini..."

"Na Munir alikuwa nje?"

Mwanamwema alifungua mdomo. Kuwaambia kweli ni kuitoa siri ya mteja kwenye nyumba yenye midomo mingi kuliko soko lenyewe. Alisema atawaeleza, wampe nafasi ale kwanza. Alipewa sahani ya wali, akakaa kwenye kochi, akala matonge mawili. Kichwa kikaenda upande. Alilala pale pale alipokaa, sahani mapajani, huku shangazi yake akiuliza mahari ni kiasi gani.

Watu walimtazama. Walipata jibu lao. Mtu mwenye kukanusha angekanusha, si angelala. Usingizi ule, walikubaliana, ni wa mtu aliyekwisha kulimaliza jambo.

Wakamwondolea sahani, wakamfunika kanga, wakashuka chini wakapange.

*

Siku ya pili, baada ya Alasiri, Mwanamwema na Bi Ummy walishuka kwenye gari ya ofisi mbali kidogo na nyumba ya Bi Kidawa, ili watu wasiione. Njia nzima alikuwa anayarudia maneno kimoyomoyo. Bi Kidawa, mimi natoka ustawi wa jamii. Sikuja kwa posa, nlikuja kwa kazi. Nnaomba radhi. Alishayasema mara nyingi hata yakaanza kuwa laini, hayamkwami tena. Alikwishakata shauri. Atasema, kisha atakaa na Bi Kidawa kutwa nzima ikibidi, na kesho yake tena, mpaka huyo Abrahman naye achoke kungoja. Ndiyo kazi aliyoisomea.

Mlangoni akasimama.

Makubadhi yalikuwa yamepangwa kizingitini, mengi, ya kiume. Jozi moja aliijua. Ilikuwa ya Ami Wakil, mkubwa wa nyumba yao, kisigino cha kushoto kimelika.

"Ni watu gani hawa?" aliuliza Bi Ummy kwa sauti ndogo.

"Wangu," alisema Mwanamwema.

Walikuwa wake kweli. Bi Ummkulthum yupo chumba cha ndani na Bi Kidawa, masinia mawili yamefunikwa kawa, anacheka na wanawake wa mtaa kama kazaliwa hapo. Nyumba yenye heshima, aliwaambia wenziwe asubuhi, haiachi neno la wanawake linaning'inia bila wanaume kulifunga. Mwanamwema alikuwa kazini, basi hawakumsumbua. Ami Wakil alikaa mkekani na wazee wawili wa mtaani, kanzu imenyooka, ingawa alikuja kapakiwa nyuma ya vespa, kamshika Munir kiuno kwa mikono miwili. Munir mwenyewe yuko karibu na ukuta, naye kavishwa kanzu na kofia, anatazama vidole vyake.

Mkabala nao alikaa mtu mwembamba, mweusi wa jua la pwani ya mashariki, mikono kaipakata. Mwanamwema hakuhitaji kuambiwa kuwa ndiye Borafya.

"Shikamooni," alisema Mwanamwema.

"Marahaba," waliitikia wazee.

"Karibu, dada," alisema Borafya. "Tulikuwa tunakungojea wewe. Wazee wako hapa wamekuja na maneno mazuri, nami sina tabu nayo. Ila mie mtu wa shamba, sijui kuzunguka. Nimepita sokoni nimeambiwa wewe unasomea mambo ya ustawi, na yule mama aliye nyuma yako namjua, ni afisa wao. Kuna na wengine wanasema hii posa ni ya kunichezea mie, ili mwenzangu azuilike." Alisema bila ya kupandisha sauti. "Sasa nataka nisikie kwa mdomo wako, mbele ya wako na wangu. Nyumba hii uliingia kwa posa, au uliingia kwa kazi?"

Ami Wakil alimtazama mtoto wa ndugu yake. Alikuwa tayari kuudhika, lakini hakujua bado amuudhikie nani.

Chumba cha ndani kicheko kikakatika. Pazia lilikuwa limeshushwa, na chini yake zilionekana nyayo mbili zimesimama, zimelowa maji ya uani.

Kwa kazi. Lilikuwa neno fupi. Kalibeba tangu jana, kalirudia njia nzima, na afisa wake kasimama nyuma kuja kulisikia. Akilisema kapasi. Akilisema, mtu huyu mwembamba atanyanyuka atoke nje apige simu Kiwengwa, na ile miezi aliyoombwa uani itakuwa imekwisha papo hapo, mbele ya macho yake, kwa mdomo wake.

Alikuwa kachoka. Kachoka na kupima, kachoka na kuchagua lipi la haki na lipi la kheri wakati yote mawili yanakaa mbalimbali.

"Kwa posa," alisema Mwanamwema.

Bi Ummy aliufunga vizuri mtandio wake, akageuka, akavaa viatu. Mwanamwema alivisikia vikishuka kibarazani, vikikanyaga mchanga, vikienda zake polepole, na miaka yake ya chuo ikaondoka navyo. Hakugeuka kutazama.

Nyuma ya pazia mtu alishusha pumzi.

"Alhamdulillahi," alisema Ami Wakil. "Umeona sasa, bwana Borafya. Watu wetu hawachezi na watoto wa watu."

"Nimeona," alisema Borafya, na akatabasamu. Mwanamwema aliyetarajia ghadhabu, tabasamu lile lilimwingia baridi. "Nlikuwa na shaka, sasa sina. Basi tusichoshane, wazee wangu. Mimi ndiye walii, nipo. Bwana harusi yule pale, na kanzu keshavaa. Mashahidi tumejaa chumba. Bibi mgonjwa, hatujui ya kesho. Miezi ya kungojea ni ya nini? Na aozwe leo, tukisali Maghrib. Sherehe watafanya wenyewe wakipenda."

Vigelegele vilitoka chumba cha ndani. Mwanamwema aliijua sauti ya kwanza, ilikuwa ya shangazi yake.

"Leo?" alisema Mwanamwema. "Ami Borafya, bado hatujashona, hatuja..."

"Kwani posa ni yenu au si yenu?"

Mzee mmoja keshanyanyuka, anatafuta makubadhi yake aende kumwita shekhe wa msikitini. Nyayo chini ya pazia hazikuwapo tena.

Mwanamwema alimtafuta Munir kwa macho. Munir akikataa, posa imevunjika mbele ya mashahidi, na Abrahman yuko njiani. Munir akikubali, Ilham kaolewa leo. Alimkodolea macho mdogo wake apate kumwambia lolote, kohoa, zimia, kimbia, chochote kitakachoipitisha jioni hii bila ya ndiyo wala hapana.

Ami Wakil aliulainisha uso, akamgeukia kijana na kumuuliza, mbele ya watu wote, anasemaje.

Munir hakumtazama dada yake. Aliiweka kofia sawa, akasogea juu ya mkeka mpaka magoti yake yakakutana na ya Borafya, akamnyooshea mkono wa kulia, kama anavyonyoosha bwana harusi anayeozwa.